Usiiname

Kopo la kwanza alilolipata Vendula alilibeba akaenda nalo nyumbani.

Alilikuta chini ya daraja la mawe, nyuma ya kinu cha zamani, limenaswa kwa sumaku kwenye chuma cha ukingo. Ndani mlikuwa na daftari dogo, kipande cha penseli, gololi mbili, mwanasesere asiye na mguu, na sarafu ya shaba yenye namba. Alivichukua vyote, vya kuoshwa akaviosha kwa sabuni, akavipanga juu ya meza ya jikoni, gololi akaziweka dirishani zipate jua. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba katika mchezo huu unatafuta kopo, unaandika jina lako kwenye daftari, kisha unalirudisha palepale kama ulivyolikuta ili na mwingine ahangaike. Yeye alidhani ukiona umepata.

Siku ya nne akafungua ukurasa wa lile kopo kwenye simu akakuta watu wanamtukana. Kuna mwizi darajani, mmoja alikuwa ameandika. Mwingine kaandika kwamba huyo ni mzamiaji, akishikwa avunjwe vidole. Vendula alirudi darajani usiku haujaingia, akakirudisha kila kitu, hata mwanasesere, akaandika daftarini: samahani, ni mimi, niliviosha kwa sabuni nikaviweka dirishani, sikujua. Tangu siku hiyo watafutaji wa wilaya nzima wakampa jina. Mchukuzi.

Hakuuanza mchezo kwa kuupenda. Aliyeupenda ni baba yake, Otmar, aliyepasua mbao kiwandani miaka thelathini mpaka gogo lilipomwangukia. Mgongo wake ulishikizwa kwa vyuma, na kuanzia hapo hakuweza kuinama hata kuokota kijiko. Kila Jumamosi asubuhi Vendula alipiga magoti sakafuni akamfunga baba kamba za viatu, kisha baba akachukua fimbo yake, na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu, akatoka kwenda kutafuta makopo ya watu.

"Mzee mzima unaenda kunusanusa takataka msituni kama mbwa," Vendula alikuwa akimwambia.

"Kaza hapo kushoto," baba alikuwa akijibu. "Na siku utakayochoka kunicheka, nenda kalitafute kopo langu la Kilima cha Kunguru. Nimekuwekea kitu humo. Chako wewe, si cha mwingine."

"Kitu gani?"

"Ningetaka kukwambia ningekiweka hapa mezani."

Mwaka wa mwisho Otmar alikuwa hakipandi tena kile kilima. Mwezi wa pili alianguka kwenye foleni ya mkate, mkoba mkononi, na hakuamka. Vendula alikuwa na miaka ishirini na sita, anafua mashuka katika nyumba ya wazee, hana ndugu. Alibakiwa na fimbo, makoti mawili, na simu ya baba ambayo ukiiwasha tu inafungua mchezo kwa jina lake: Fundi Otmar. Na kule kilimani kuna kitu. Alikaa nusu mwaka akiwaza kile kitu. Mwezi wa nane akajiandikisha naye.

Hakwenda Kilima cha Kunguru moja kwa moja. Aliogopa kukosea kwenye kopo la baba kama alivyokosea darajani. Akataka kwanza ajue.

Aliyemfundisha ni Bi Blanka, mstaafu wa posta, mama wa kofia nyekundu ya sufu hata jua likiwaka. Walikutana kwenye upupu. Vendula alikuwa ameingia mpaka kiunoni akitafuta kopo, mikono imevimba.

"Toka humo, mtoto," alisema Bi Blanka kutoka barabarani. "Anayeficha kopo naye ana ngozi. Tazama kwanza yeye alipita wapi."

Akamfundisha kutazama mawe yaliyopangana mno, gome lililolala upande usio wake. Akamfundisha kubeba kikapu cha uyoga hata kama huokoti uyoga, ili wapita njia wasikuulize. Ukichukua kitu, weka kingine. Na ukikosa, andika: sikulipata.

"Si aibu?"

"Aibu iko wapi? Mwenye kopo anahitaji kujua. Pengine limeibwa, yeye amekaa nyumbani anadhani lipo." Bi Blanka alivuta kofia masikioni. "Wapo wasioandika hivyo kamwe. Wakikosa, wanatoa kopo lao mfukoni, wanaliweka pale, wanalisaini, wanajiandikia wamepata. Hiyo ndiyo aibu."

"Watu gani hao?"

"Watu tu," alisema Bi Blanka, akaangalia saa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, akiwa na makopo tisa kwenye hesabu yake, Vendula alipanda Kilima cha Kunguru. Misonobari ilikuwa imekauka kwa yule mdudu anayekula chini ya gome, kama ilivyokauka kote katika mkoa wa Vysočina. Miti mingi ilikuwa imepigwa alama ya rangi ya chungwa. Namba za ramani kwenye simu zilimfikisha kwenye msonobari mmoja mnene wenye vishina vya matawi yaliyovunjika. Kidokezo cha baba kilikuwa neno moja tu. Usiiname.

Alizunguka mti mara mbili. Kisha akaona shinani mawe matatu yamekaa mstari mmoja, akainama. Chini ya mawe palikuwa na kikopo cheusi cha plastiki, vile vya zamani vya kuwekea mkanda wa kamera.

Ndani mlikuwa na karatasi iliyoviringwa. Basi. Aliipindua, akakigonga kikopo kwenye kiganja, akachungulia. Akachimba kwa kidole pale kilipokuwa. Karatasi ilikuwa na majina thelathini na moja, na la kwanza juu kabisa lilikuwa Nyigu, tarehe kumi na nne Januari, mwaka jana. Baba alilificha kopo hili miaka minne iliyopita. Akajiambia labda karatasi ya zamani ilijaa. Aliandika jina lake chini kabisa, akarudisha kikopo, akapanga mawe. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiuliza kitu gani kinaweza kuenea kwenye kikopo kisichozidi kidole gumba.

Alhamisi watafutaji walikuwa na kikao chao cha mwezi, kwenye baa ya kijiji, meza ndefu karibu na jiko la makaa. Nyigu alikuwa pale, mahali pake pa siku zote, mgongo ukutani. Jina lake halisi ni Hynek, mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa idara ya msitu; ni yeye aliyekuwa akipita na kopo la rangi akiipiga miti alama. Alikuwa amepata kopo angalau moja kila siku, bila kuruka hata moja, kwa siku elfu mbili mia tisa tisini na moja. Jumamosi ya wiki inayofuata zingetimia elfu tatu, na walikuwa wameshaagiza keki.

"Mchukuzi kaingia," alisema Hynek. "Kila mtu ashike glasi yake."

Meza ikacheka. Vendula akakaa pembeni ya Bi Blanka, akaagiza soda. Alikuwa amelirudia swali lake njia nzima na bado lilitoka dogo.

"Bwana Hynek. Kopo la baba, la Kilima cha Kunguru. Wewe ulilipata mwaka jana. Ulikuta nini ndani?"

"Karatasi."

"Karatasi tu?"

"Karatasi na baridi. Ulitaka nikute nini, bata wa kuoka?"

Wakacheka tena. Vendula akangoja waishe.

"Alisema kaniwekea kitu."

"Basi kapita Mchukuzi mwingine kabla yako. Mko wengi nyie." Hynek alichoma soseji ya siki kwa uma, akaitazama. "Nani anajua, labda iko dirishani kwa mtu, imeoshwa kwa sabuni."

Mmoja wa vijana waliokaa mwisho wa meza alilaza kichwa mezani kwa kucheka. Bi Blanka alikuwa akiangalia povu la bia yake.

"Na kidokezo kinasema usiiname," alisema Vendula. "Mimi niliinama."

Kwa muda mfupi Hynek hakutafuna. Kisha akameza.

"Kinamaanisha usiiname ovyo, waokota uyoga wakakuona. Sikiliza, binti. Otmar alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini kwenye makopo alikuwa mvivu. Kaokota kikopo cha kamera, kakitupa chini ya mti, kaenda zake. Nisingesema mbele za watu, ila wewe ndiye umeuliza mbele za watu."

Masikio ya Vendula yalimwaka. Mtu mmoja alisema, kwa sauti ya kumwonea huruma, kwamba baba zetu wote wana uvivu wao.

"Nitarudi tena Jumamosi nitazame vizuri," alisema.

"Jumamosi mvua. Jumapili mvua. Kule juu udongo wa mfinyanzi, utavunja mguu, tuje kukubeba sisi." Hynek alijifuta masharubu. "Subiri mvua ipite. Nenda Jumatano. Jumatano patakuwa peupe, utaona kila kitu."

"Asante, Bwana Hynek."

"Si kitu, mtoto wa Otmar."

Bi Blanka aliondoka mapema siku hiyo, alisema kichwa kinamuuma.

Mvua ilinyesha kweli. Jumatano, siku yake ya mapumziko, Vendula alikaa kwenye kigoda cha mlangoni, kilekile alichokuwa akikalia baba, akainama kufunga viatu. Alikuwa amefunga cha kushoto. Alipofika cha kulia mikono ikasimama.

Miaka kumi hakuna siku baba alijifunga kamba mwenyewe. Soksi alivalishwa. Hata paka wao alilishwa juu ya stuli, kwa sababu sahani ikiwa chini baba haifikii. Mtu huyo ndiye aliyepiga magoti msituni, peke yake, akachimba shinani, akapanga mawe matatu?

Usiiname. Hakuwa anawatania watafutaji. Alikuwa anasema kopo liko pale mkono wake ulipofika, usawa wa kifua. Na ule mti ulikuwa na vishina vya matawi usawa wa kifua, na baba alikuwa mpasua mbao, angeweza kuchonga kishina cha bandia ukapita mara mia usikijue. Vendula alikuwa amekishikilia, sasa alikumbuka. Alipoinama kwenye mawe, alikamata kishina kimoja asianguke.

Aliondoka na kamba ya kulia inaburuzika.

Kutoka bondeni aliona anga mahali pasipostahili kuwa na anga. Alipofika juu, Kilima cha Kunguru kilikuwa kimenyolewa. Magogo yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, marefu, laini, bila hata kishina kimoja, na kila gogo lilikuwa na namba ya rangi ya chungwa kwenye kitako. Matawi yamerundikwa kila mahali, yamekanyagwa na magurudumu mapana kuingia matopeni. Dereva wa ile mashine ya kukatia alikuwa amekaa kwenye ngazi yake anakunywa chai ya chupa.

"Mmekata lini?" Vendula alimuuliza.

"Jumatatu na jana. Huku leo tunamalizia."

"Iliamuliwa lini?"

"Tangu mwezi wa nane. Ratiba ya Bwana Hynek haibadiliki, dada, hata mbingu ianguke." Alimtazama. "Umepoteza kitu?"

Vendula alifunga kamba ya kiatu, akaingia kwenye marundo.

Alitafuta Jumatano hiyo mpaka giza. Alhamisi aliwapigia nyumba ya wazee akasema anaumwa, na ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini. Alipitia tawi moja moja, akilivuta, akilizungusha, akilitupa nyuma yake. Kucha zilijaa utomvu. Mashine ilipofanya kazi ilikinyoa kila kishina kutoka kwenye mti kama mtu anavyovua magamba ya samaki, na kitu kinachofunguka kwa mkono kilikuwa kimojawapo kati ya maelfu hayo.

Ijumaa saa nane mchana alivuta kishina kimoja kikawa chepesi mno. Kilikuwa kifuniko. Nyuma yake pamechongwa mzunguko wa skrubu, laini, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Kwa ndani, kwa chuma cha moto, pameandikwa V.

Sehemu iliyobaki aliipata hatua nne kutoka hapo, ndani ya alama ya gurudumu. Ilikuwa imepasuka vipande, imeshindiliwa na tope. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, halijalowa. Alikaa juu ya kisiki akalifungua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwandiko wa baba. Karibuni. Msihangaike kuinama, mimi siwezi na nyinyi msiweze. Kilichofungwa kwa kitambaa chekundu msikifungue, ni cha binti yangu, bado anaona mchezo huu ni wa wajinga. Atakuja.

Baada ya hapo majina ishirini na sita, na kila mmoja alikuwa amemwachia neno. Nimekiona, sijakigusa. Mwingine: binti wa Otmar, njoo upesi, mimi nina hamu kukushinda. Mwingine: nimekishika kwa nje tu, kina uzito kidogo, kisha nikaona haya nikakirudisha. Jina la mwisho lilikuwa la mwezi wa kumi na moja, mwaka juzi. Nyigu hayumo.

Alirudi kwenye alama ya gurudumu akachimba kwa mikono. Alipata uzi mwekundu, urefu wa kidole, umeng'ang'ania kwenye mzizi. Akachimba mpaka mikono ikafa ganzi, upande huu na upande ule. Mashine ilikuwa imepita hapo si mara moja. Watu ishirini na sita wageni walikuwa wamekitunza kitu chake miaka miwili bila kukifungua, na kwa sababu hawakukifungua, hapakuwa na hata mmoja duniani wa kumwambia kilikuwa nini.

Jumamosi baa ilijaa. Keki ilikuwa katikati ya meza, elfu tatu imeandikwa juu kwa krimu, na Hynek alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi. Alipomwona Vendula mlangoni, matope yamemkaukia mpaka kwenye nyusi, akainua glasi.

"Mchukuzi. Leo umebeba nini?"

Vendula akaweka kifuniko mezani, kando ya keki. Akaweka daftari. Akaweka kikopo cheusi, alichokwenda kukitoa shinani kwa kile kisiki.

"Hili ni kopo la baba," alisema. "Na hiki ni chako."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa vijana alichukua daftari akasoma ukurasa wa kwanza, akalipitisha kwa jirani yake. Lilizunguka meza yote taratibu. Lilipofika kwa Hynek hakulifungua.

"Theluji ilikuwa magotini," alisema. "Nilitafuta saa tatu. Nilikuwa nimetoka hospitali, mke wangu alikuwa amelazwa, nilimwahidi kila siku nitapata kopo moja nije nimsimulie. Kila siku. Ya karibu yote nilikuwa nimeshayapata, lilibaki hilo moja tu. Ningemwambia nini?"

"Sikulipata," alisema Vendula.

"Alikufa wiki ile, binti."

Vendula alisikia. Hata alimwona, mzee aliyekaa kando ya kitanda na uongo mdogo mdomoni. Akaona pia ile soseji kwenye uma.

"Na Jumatatu?" aliuliza. "Jumatatu nayo nani alikuwa amelazwa?"

Hynek akatazama keki.

Vendula akatoa simu ya baba. Kwenye mchezo huu mwenye kopo ana haki moja: asiyesaini daftari la kweli, anaweza kumfuta. Wale thelathini waliokuja baadaye aliwaacha, walidanganywa kama yeye. Alilitafuta jina la Nyigu.

"Mtoto," alisema Bi Blanka kwa sauti ya chini, na mkono wake ukaja juu ya mkono wa Vendula. "Anaishi kwa hesabu hiyo. Hana kingine. Ukiitoa siku ile anabaki na mia sita na kitu. Mwache. Nakuomba mimi niliyekufundisha."

"Ulijua, Bi Blanka?"

Kofia nyekundu ikainama.

"Aliniambia mwaka jana. Nilidhani atakuja kusema mwenyewe."

"Na Alhamisi ile, ulijua wanakata Jumatatu?"

Bi Blanka akautoa mkono wake.

Simu iliuliza kama ana uhakika. Vendula akabonyeza.

Simu ya Hynek ilitetemeka ndani ya mfuko wa shati lake lililopigwa pasi. Aliitoa, akavaa miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza. Kila mtu alijua kilichoandikwa, maana mchezo huandika hivyohivyo kwa kila mtu: Fundi Otmar amefuta rekodi yako. Yule mzee akaivua miwani, akaivaa tena, akasoma upya. Mtu mmoja, bila kujua afanye nini, alichukua kisu akaanza kukata keki, akaacha katikati ya sifuri ya pili.

"Irudishe," alisema Hynek. "Vendula. Nitakuja kukupigia magoti. Irudishe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Subiri mvua ipite," alisema Vendula. "Njoo Jumatano."

Akakusanya kifuniko na daftari. Kikopo cheusi alikiacha. Nje alisimama chini ya paa la baa, akafungua simu yake mwenyewe, akaitafuta rekodi ya ile Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, akaifuta. Hesabu yake ikashuka kutoka kumi hadi tisa. Kisha kwenye ukurasa wa kopo la Kilima cha Kunguru, kwa jina lake, akaandika neno moja.

Sikulipata.